Mbwa Aliyenicheka Mbele ya Mama Mkwe

Ubishi ulianza sikukuu ya Idi, ukweni kwangu Tanga, baada ya pilau kuliwa na kabla ya kahawa kuletwa, saa ambayo mkwe mwenye busara hutafuta mkeka akajilaza. Mtoto wa dada yake mke wangu, kijana wa kidato cha pili, alitamka kwa utulivu kabisa kwamba Grand Theft Auto: San Andreas ni gemu ya zilipendwa. Gemu hiyo ilitoka mwaka 2004, nikiwa tayari na ndevu, na usingizi wote ukanitoka.

Nilimweleza kuwa zilipendwa ni zile za Famicom, mashine ambayo Nintendo waliitoa Japani mwaka 1983 na ambayo sisi tuliijua miaka ya tisini kupitia nakala zake za bei nafuu, pamoja na kaseti iliyoandikwa kuwa ina gemu 9999 ilhali ukizihesabu kwa uaminifu unarudi kwenye zilezile chache zilizobadilishwa majina. Shemeji yangu aliniunga mkono, ila akataka heshima yote iende kwa Super Mario Bros. ya mwaka 1985. Kijana alitusikiliza wote wawili, kisha akauliza:

"Baba mdogo, zilipendwa si maana yake zilipendwa zamani zikaachwa? Kama wewe bado unaipenda, mbona haijafika huko?"

Sarufi yake haikuwa na dosari, jambo lililoniudhi zaidi. Nikaamua kuweka kipimo changu mwenyewe: gemu iliyostahili jina hilo ni ile ambayo mtu asiyewahi kuigusa maishani ataielewa bila kuelekezwa na yeyote. "Hata Mama hapa," nilisema, nikimtazama mama mkwe aliyekuwa akipanga vikombe. Ili kuthibitisha, nilikwenda kwenye buti la gari nikaitoa mashine niliyoinunua mtumbani wiki mbili kabla, na kuificha humo ili mke wangu asije akaniuliza bei. Ilikuwa na padi ya vitufe vya kuongozea gemu, bunduki ya plastiki na kaseti yenye Duck Hunt ya mwaka 1984. Bata anaruka, wewe unalenga, unapiga. Nani ataelekezwa hapo?

Tuliiunganisha kwenye runinga bapa ambayo mama mkwe alinunuliwa na wanawe. Kaseti ilikataa kuwaka, nikaichomoa, nikaipuliza kama tulivyofanya utotoni, nikaichomeka tena, ikakubali. (Najua kwamba kinachosaidia ni kule kuichomoa na kuichomeka, lakini kaseti isiyopulizwa ni kama chai isiyopozwa.) Bata wa kwanza akaruka. Nikapiga risasi zote tatu ninazopewa kwa kila bata, naye akaenda zake. Ndipo akainuka majanini yule mbwa wa kuwinda wa kwenye gemu, mkono mdomoni, akanicheka.

Wanaomjua mbwa huyo hawahitaji maelezo. Raundi moja ina bata kumi, kwa hiyo nilipiga risasi thelathini na kuchekwa mara kumi, kila mara nikisogea hatua moja mbele, hata mwishowe mdomo wa bunduki ukagusa kioo na runinga ikaanza kulalia ukuta.

"Baba, taratibu," alisema mama mkwe kwa upole ule ambao ni afadhali mtu akutukane.

Shemeji yangu, ambaye kazi yake ni ufundi wa redio na runinga, na ambaye kumbe alijua tangu mwanzo akanyamaza makusudi, hapo ndipo alipoona vyema kunielimisha. Ile bunduki haipigi chochote, inatazama tu. Ukivuta kifyatulio, skrini nzima inakuwa nyeusi kwa kufumba na kufumbua, kisha mahali alipo bata panatokea mraba mweupe, na jicho lililomo ndani ya mtutu likiuona mwanga huo kwa wakati wake, bata amekufa. Runinga ya chogo huichora picha papo hapo inapoipokea, lakini ya bapa huishikilia kidogo kuichakata kwanza, na mraba unapotokea bunduki imekwisha kukata tamaa.

Akaleta chogo lake la zamani kutoka stoo, sisi wawili tukilibeba kama jeneza. Bata wa kwanza nilimwangusha kwa risasi moja, na mbwa yuleyule akamnyanyua kwa adabu. Nikamtazama kijana kwa dharau ya mshindi. Bata wa pili, nilipomlenga, alikata kona ghafla. Wa tatu aliteremka, akapanda, akateremka tena, kama anayeyasoma mawazo yangu, na kila akiponyoka mbwa aliinuka kunicheka. Nilianza kumlaumu muuza mitumba kwa sauti, mpaka nilipoona kwamba hakuna anayeitazama skrini, wote wanatazama nyuma yangu.

Mama mkwe alikuwa ameiokota padi sakafuni isije ikakanyagwa. Dole gumba lake lilikuwa likienda kushoto, juu, kulia, nami nikakumbuka, kwa kuchelewa, kwamba katika Duck Hunt ya bata mmoja mmoja, mwenye padi ndiye anayemwongoza bata.

"Baba mdogo," alisema kijana, "nani kamwelekeza Bibi?"

Sikuwa na jibu, na mkwe hagombani na mama mkwe.

"Piga tena, mwanangu," alisema mama, akivuta mkeka karibu na skrini. "Bata tuko tayari."