Maji ya Tomi Adeyemi na wafu wasiopewa matanga

Neno lililonikwaza mapema katika Children of Blood and Bone ni "maji". Ndivyo Tomi Adeyemi, Mmarekani mwenye asili ya Nigeria, anavyowaita watu wenye nguvu za miungu katika riwaya yake ya kwanza ya kifantasia, iliyotoka 2018. Msomaji wa London analipita tu. Mimi nilikuwa kwenye daladala ya Marangu, nikamkumbuka Kinjikitile Ngwale na maji yake ya kugeuza risasi, nikacheka peke yangu mpaka konda akanigeukia.

Kicheko hakikudumu. Mfalme Saran amewamaliza maji waliokuwa watu wazima, wakabaki watoto wao wenye nywele nyeupe, na mama yake Zélie, msichana aliye mhusika mkuu, alinyongwa kwa mnyororo mtini. Mtu wa Moshi akifika hapo mawazo yanakwenda yenyewe Old Moshi, Machi 1900, kwa Mangi Meli, mtawala wa Wachagga aliyenyongwa na Wajerumani. Watoto hao wanatozwa kodi inayopanda kila mara, na asiyeweza kulipa anapelekwa kazi za shokoa. Wazee wetu wangeielewa hadithi hii bila mkalimani. Adeyemi hakuwa akituwaza sisi: mwishoni anaeleza kwamba aliiandika akiumizwa na habari za Wamarekani weusi wanaopigwa risasi na polisi. Lakini kidonda ni cha kweli, na ndicho kinachoibeba riwaya. Nguvu za miungu (nasita kusema uchawi, maana kwetu mchawi ni mtu wa usiku) si mapambo humu. Ni mali iliyoporwa, na wenyewe wanaidai.

Kwa upande wa ubunifu wa nchi yenyewe nimegawanyika. Koo 10 za maji, kila moja na mungu wake na kazi yake, zimepangwa vizuri, na uwanja wa Ibeji, ambako watumwa wanapigana kwa merikebu ndani ya maji yaliyojazwa katikati ya jangwa, sijasoma kitu cha namna hiyo popote. Ila Ilorin, mji wa bara kule Nigeria, humu ni kijiji kinachoelea baharini. Ni kama mtu aandike kwamba Dodoma ni kisiwa, abaki na jina lilelile. Jina la nchi, Orïsha, limewekewa nukta mbili juu ya herufi, alama ambayo Kiyoruba hakina. Na simba mwenye pembe anayepandwa kama punda kapewa jina la Kiingereza la simba lililoongezwa mkia. Mwenye hazina kubwa kiasi hicho ya lugha angeweza kuchimba zaidi.

Wasimulizi ni watatu, Zélie na watoto wawili wa Mfalme Saran, Amari na Inan, kila mmoja kwa nafsi ya kwanza. Funika jina lililo juu ya sura, usome aya mbili, uniambie ni nani anayesema. Mimi nilishindwa mara nyingi. Tzain, kaka yake Zélie, ambaye ningependa sana kumsikia, hakupewa hata sura moja. Mapenzi ya Zélie na mwana wa mfalme aliyekuwa akimwinda ili amuue yanaiva haraka kuliko maharage ya jiko la gesi.

Hayo ningeyasamehe. Lisilonitoka ni matanga. Zélie ni wa ukoo unaoziita roho za wafu, kwa hiyo hiki ni kitabu cha wafu hasa. Lakini Lekan, mlinzi wa mwisho wa hekalu, anajitoa mhanga na muda si mrefu wenzake wako mbioni tena. Kifo kikubwa zaidi cha mwishoni nacho hakipewi hata usiku mmoja wa kukesha. Mimi nimekulia kwenye kihamba, shamba la ukoo la Wachagga, makaburi ya babu zangu yakiwa palepale chini ya migomba. Haraka hiyo naiona kama mwandishi anaogopa msomaji asije akafunga kitabu.

Mpwa wangu wa kidato cha tano, aliyekimaliza kwa siku mbili, hakubaliani nami hata kidogo. Anasema mjomba nataka msiba mahali penye vita, na kwamba watu wanaokimbizwa huwa hawapati nafasi ya kutandika mkeka. Hilo sina jibu lake. Ameshaanza kitabu cha pili, na cha kwanza amekirudisha kikiwa kimekunjwa pembe kwenye sura za Ibeji tu.