1998: mwaka mkali kuliko yote, au mwaka wa ngoma kali na albamu ndefu?

Wadau wa hip hop wakianza kubishana mwaka upi ulikuwa mkali kuliko yote utasikia 1994, utasikia 1996, halafu lazima atokee mmoja wa 1998, na huyo wala hahangaiki kujieleza, anakutajia tarehe moja tu, 29 Septemba, anakaa kimya kama kesi imeisha. Na kweli ile tarehe inatisha. Jumanne moja Marekani zilitoka Vol. 2... Hard Knock Life ya Jay-Z, Aquemini ya OutKast, The Love Movement ya A Tribe Called Quest, Foundation ya Brand Nubian, na ile ya Mos Def na Talib Kweli waliojiita Black Star. Zote siku moja. Chati za Billboard, zinazopanga albamu zinazouza Marekani, zilivyotoka Jay-Z kakaa namba 1, OutKast namba 2, Tribe namba 3, yaani nafasi zote tatu za juu za nchi nzima ni watu wanaochana, yaani wanaorapu.

Mi pia nilikuwa kambi hiyo, nilikuwa natamba nayo hiyo tarehe kila mahali. Ila juzi nikaamua nirudie albamu za mwaka ule mwanzo mwisho bila kuruka wimbo hata mmoja, na hapo ndo nikaanza kusita. Ngoma zake sina neno nazo, zinaua mpaka leo. Tatizo ni albamu.

Tuanze na wanaoitetea maana wana hoja nzito. Kumbuka hali ilivyokuwa: Tupac kafa Septemba 1996, Biggie kauawa Machi 1997, na baada ya hapo redioni ni suti za kung'aa na sampo, yaani vipande vilivyokatwa kutoka nyimbo za zamani, vinavyotambulika kwa sekunde mbili. Watu walishaanza kusema basi, imekwisha. Ndo Mei 1998 anaingia DMX anabweka kama mbwa, anasali, analia, anatukana, vyote ndani ya albamu moja, It's Dark and Hell Is Hot, na inaenda moja kwa moja namba 1. Ruff Ryders' Anthem biti yake ni vinanda vya bei rahisi tu alivyopiga Swizz Beatz akiwa kijana mdogo kabisa, hakuna sampo, hakuna mbwembwe, na ukiipiga leo popote watu wanaruka. Desemba hiyohiyo jamaa akarudi na Flesh of My Flesh, Blood of My Blood, ikauza nakala zaidi ya laki sita wiki ya kwanza na ikashika namba 1 nayo. Albamu mbili namba 1 ndani ya mwaka mmoja. Kabla yake kwenye rap alishafanya hivyo Tupac peke yake mwaka 1996, na ile ya pili ilitoka akiwa kaburini tayari.

Halafu angalia mwaka ulivyotanuka. New York haikuwa peke yake tena. Atlanta wapo OutKast, New Orleans kuna Master P na lebo yake ya No Limit, na Novemba akatoka Juvenile na 400 Degreez, biti zote za Mannie Fresh, kwenye mkataba wa lebo yake Cash Money na kampuni kubwa ya Universal unaosemekana ulikuwa wa dola milioni 30. Ha ni wimbo wa ajabu jamani, mtu anamalizia kila mstari na neno lilelile moja na bado huchoki. Big Pun naye na Capital Punishment, rapa wa kwanza mwenye asili ya Kilatino kufikisha platinamu (nakala milioni moja Marekani) akiwa peke yake, na kwenye Twinz anapanga vina ndani ya vina kwa kasi ambayo ukijaribu kuimba naye pumzi inakata mapema tu. Huku chini lebo ndogo ya Rawkus inawabeba kina Mos Def ambao hawakuwa na bajeti ya video ya helikopta. Kwa upana mi sioni mwaka mwingine wa miaka ya 90 unaoufikia huu, hapo nakubali kabisa.

Sasa upande wa pili. Watu wa 1994 hoja yao ni fupi na inauma: Illmatic ya Nas ina nyimbo 10 tu ukihesabu na utangulizi, haifiki dakika 40, hakuna pa kuruka. 1998 ilikuwa zama za sidii (CD), na sidii inabeba dakika zaidi ya 70, na lebo zikaona kama nafasi ipo basi ijazwe. Matokeo yake Capital Punishment ina vipande 24, Tical 2000 ya Method Man ina zaidi ya 25, katikati kumejaa skiti, yaani vipande vya maigizo, za watu wanaongea kwenye simu, wageni ambao hata jina hukumbuki, na wimbo wa mapenzi uliowekwa kwa ajili ya redio. Pun mwenyewe, ambaye kwa kuchana nadhani hakuna aliyemuweza mwaka ule, ukitoa mizigo unabaki na nyimbo kama 13 za moto na hiyo ingekuwa albamu ya karne. No Limit ndo walizidisha, zaidi ya albamu 20 ndani ya mwaka mmoja, mpaka Snoop baada ya kuchomoka lebo ya Death Row akaangukia huko akatoa albamu ambayo ilienda namba 1 na sijui nani anaisikiliza leo kwa hiari yake.

Na hata DMX, nampenda sana yule bwana Mungu amrehemu, ila hiyo albamu ya pili inasikika kabisa kwamba ilitengenezwa mbiombio kabla mwaka haujaisha. Slippin' inakutoa machozi, halafu kuna nyimbo baada yake ambazo ni kama zimeokotwa sakafuni studio. Rekodi ya namba 1 mbili ni ya mauzo. Sikio linasema kingine.

Jay-Z ni kesi ya peke yake. Hard Knock Life ule wimbo, biti ya prodyuza 45 King iliyochukua sauti za watoto kutoka mchezo wa jukwaani wa Annie, ni wazo la kijeuri mno, watoto yatima wa kuigiza wanaimbia vijana wa mitaa ya Brooklyn na inakubali. Albamu ikauza zaidi ya milioni 5 Marekani. Ila ukiiweka kando ya Reasonable Doubt ya 1996 utaona jamaa kapunguza uzito makusudi, wageni wamejaa mpaka unajiuliza mwenye shughuli ni nani. Mi simlaumu, alitaka kutoboa na katoboa. Lakini kuiita kilele chake hapana. Februari 1999 ikapata Grammy ya albamu bora ya rap na mwenyewe hakwenda kuichukua, akisusa kwa sababu tuzo za rap zilikuwa hazionyeshwi kwenye televisheni na DMX hakutajwa popote.

Usiku huohuo Lauryn Hill kaondoka na tuzo tano, ikiwemo albamu bora ya mwaka, mara ya kwanza kwa kazi ya hip hop. Na hapa ndo ubishi unapokuwa mtamu, maana wapo wanaosema hiyo albamu yake, The Miseducation, siyo hip hop, ni soul, na ushahidi wao ni Grammy yenyewe iliyoipa tuzo ya R&B huku ya rap ikienda kwa Jay-Z. Naelewa, nusu ya albamu anaimba. Lakini sikiliza Lost Ones uniambie ni emsii (mchanaji) gani mwaka ule alimchana mtu vile bila kumtaja jina. Sikiliza Doo Wop, anaanza kuchana anahamia kuimba anarudi, hujui mpaka uko wapi. Kwangu ile ni hip hop ya mtu aliyekuwa na sauti mbili kooni akakataa kuficha moja. Halafu ni albamu ndefu nayo, ina skiti pia, zile za darasani watoto wanaulizwa mapenzi ni nini (mwalimu wao ni Ras Baraka, ambaye baadaye akaja kuwa meya wa Newark), ila pale zina kazi, zinashona nyimbo. Doa lililopo ni la kesi ya wanamuziki waliodai hawakuandikwa ipasavyo kwenye nyimbo, ikaisha kwa makubaliano 2001, na hilo kwa haki lisifichwe tukimsifia kuwa kafanya kila kitu mwenyewe.

Kwa hiyo urefu pekee siyo dhambi, na watu wa 1994 hapo wanateleza. Gang Starr, kundi la Guru anayechana na DJ Premier anayetengeneza biti, walikaa miaka minne kimya wakarudi Machi na Moment of Truth, nyimbo 20, na Premier hakuachia biti moja ya kujazia. Guru alikuwa na kesi ya bunduki kichwani na unasikia kabisa mtu anayewaza, sauti ileile ya chini lakini ina mzigo. Aquemini nayo inakaribia dakika 75, Liberation peke yake ni kama dakika 9 na karibu hakuna anayechana, na zile tarumbeta za SpottieOttieDopaliscious zinajirudia mpaka unahisi zimekuwepo tangu dunia iumbwe. Urefu ukiwa na jambo la kusema hausikiki.

Black Star wao walikwenda njia ya kinyume, nyimbo 13, Hi-Tek kwenye biti nyingi, wametoka. Definition ikawataja waziwazi Biggie na Tupac wakati wengine walikuwa bado wanauza majonzi yao.

Basi hesabu yangu, na najua nitapigwa mawe: kwa ngoma moja moja 1998 inaipita 1994 na 1996 bila jasho. Kwa albamu za kusikiliza bila kugusa kitufe mimi nabaki na nne, Aquemini, Miseducation, Moment of Truth na Black Star, kwa mpangilio huohuo, na Pun namuweka mlangoni ananung'unika. Mtu wa 1994 anaweza kunitajia zaidi ya nne bila kuvuta pumzi. Mtu wa 1998 ataniambia mbili katika hizo nne zilitoka Jumanne ileile, na hapo sina cha kumjibu.