Papai, paipai na alama moja iliyokatwa

Mpwa wangu wa darasa la tatu aliambiwa ataje matunda matano. Akaandika embe, chungwa, nanasi, fenesi na paipai. Akapata nne kati ya tano. Lile la mwisho lilizungushiwa wino mwekundu, na pembeni mwalimu akaandika: papai. Mtoto anakaa Temeke, lakini mama yake, dada yangu, amezaliwa Likoni kama mimi, na kwetu tunda lile la uani halikuwahi kuwa na jina jingine.

Nilimwona mwalimu. Mtu mpole, wala hakuwa na ubishi. "Kaka, mtihani wa taifa hausahihishwi na bibi yake," akaniambia. (Bibi, kwetu Mombasa, ni nyanya; ile nyanya ya kutia kwenye mchuzi tunaiita tungule. Sikumfungulia mlango huo.)

Hoja yake si ya kubeza. Kimvita, lahaja yetu ya Mombasa, kinasema mato pale Kiswahili sanifu kinaposema macho, mtele kwa mchele, ndia kwa njia. Mtu akikuita kwetu atasema "ndoo", neno ambalo Temeke ni chombo cha kuchotea maji. Mtoto akiruhusiwa kuyaandika yote hayo, msahihishaji aliyekulia Mbeya atababaika, na atakayeumia ni mtoto. Kwa maneno ya aina hiyo niko upande wa mwalimu.

Ila paipai halimbabaishi mtu. Hakuna kitu kingine kinachoitwa hivyo. Na ukilifuatilia jina lenyewe, unakuta hakuna aliyelipokea akaliacha lilivyo. Mpapai umetoka Amerika, ukavuka bahari baada ya Wahispania na Wareno kufika huko, na jina la papaya likavuka nao. Waganda wakasema paapaali, Wanyarwanda ipapayi, Wakikuyu wakatia b, babai. Waingereza wakalirudufu silabi likawa pawpaw, na sijamsikia mwalimu wa Kiingereza akilipigia mstari. Wamvita nao walirudufu, pai-pai, kwa mdomo uliozoea pilipili na polepole. Nakiri kwamba papai limebaki karibu zaidi na papaya, lakini hata lenyewe limeacha mkia njiani.

Basi kwa nini moja ni sahihi na jingine ni kosa? Kwa sababu mwaka 1928 wajumbe walikutana, tena Mombasa yenyewe, wakaamua Kiunguja, lahaja ya Zanzibar, ndicho kiwe msingi wa Kiswahili cha vitabu na shule. Mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kusimamia kazi hiyo katika makoloni ya Afrika Mashariki. Uamuzi ulikuwa na faida zake. Leo kitabu kilichopigwa chapa Dar es Salaam kinasomeka Kisumu. Lakini walichagua lahaja ya kuandikia, hawakutoa hukumu juu ya ndimi za watu. Hukumu tumeiongeza wenyewe, darasani, kwa kalamu nyekundu. Na ajabu ni kwamba usanifu huo huo unavumilia heri na kheri, baiskeli na baisikeli, wala hakuna anayekatwa alama.

Kinachonisumbua si ile alama. Likizo iliyopita tulikuwa Likoni, nyanya yake akiandaa nyama ya mishkaki. Tangawizi na thomu zilishapondwa, ikabaki kukuna paipai bichi la kulainishia nyama. Akamtuma: "Hebu chukua upembo ukaniangulie paipai, lile la kijani." Mtoto akasimama pale pale, akamwambia kwa adabu zake zote, "Nyanya, si paipai. Ni papai. Mwalimu alisema."

Bibi kizee akacheka. Tukacheka sote. Lakini niliona alivyokitazama kikunio mkononi kabla ya kuendelea. Huyu ndiye aliyemfundisha mama wa huyo mtoto kusema, na mama ndiye aliyemfundisha mtoto. Sasa mtoto ameambiwa kwamba bibi kizee wa miaka sabini na kitu hajui jina la tunda alilolipanda kwa mkono wake, analojua likikaa na nyama usiku kucha nyama itavurugika, likikaa saa moja tu italainika sawasawa. Siku nzima baada ya hapo alipotaka kumtuma kitu alikuwa akionyesha kwa kidole.

Mwalimu angeweza kuandika "papai" pembeni bila kukata alama. Mtoto angejua la kuandika kwenye mtihani, na nyumbani angeendelea kusema na watu wake. Nilimwambia hivyo. Akasema atafikiria, na naamini alifikiria.

Wiki mbili baadaye swali lile likarudi kwenye jaribio. Dada alinitumia picha ya daftari: tano kati ya tano. Embe, chungwa, nanasi, fenesi, ndizi.