Vidonge kumi na moja

Usiku wa kuamkia siku yake ya kliniki, nilimkuta shangazi amekaa kitandani, kamwaga vidonge vyake juu ya kanga anavihesabu. Akatenga kumi na moja, akavifunga kwenye kikaratasi, akatoka navyo kwenda choo cha nje. Aliporudi sikumuuliza kitu. Alisema mwenyewe: "Kesho watahesabu, mwanangu. Wakikuta vimebaki nitasemwa mbele za watu."

Hiyo ilikuwa Makambako, mkoani Njombe, mwaka juzi. Tangu siku hiyo kila nikisikia mgonjwa wa VVU akiitwa mzembe, au mtoro wa dawa, nakumbuka kile kikaratasi.

Vidonge kumi na moja ni siku kumi na moja. ARV hazimalizi virusi mwilini, zinavifubaza tu, na vingine hujificha ndani ya seli ambako dawa haivifikii. Ukiacha kabisa, kwa wengi vinaanza kupanda tena ndani ya wiki chache. Ukimeza kwa kurukaruka, dawa inabaki kidogo kwenye damu, virusi vinazaliana huku vinaizoea, na usugu huanzia hapo. Utafiti mkubwa wa SMART, uliohusisha watu zaidi ya 5,400, ulijaribu kuwapumzisha wagonjwa dawa kwa vipindi. Mwaka 2006 ilibidi usimamishwe, kwa sababu waliopumzishwa waliugua na kufa zaidi kuliko waliokuwa wakimeza bila kukatisha.

Shangazi hakuyajua hayo yote, lakini alijua kwamba hatakiwi kuruka. Sasa aliruka kwa nini? Nilimuuliza taratibu, tukiwa tumeota moto jikoni.

Siku tano zilikuwa za msiba. Wanawake wamelala kwenye mikeka, wamebanana, na kopo la vidonge likitikisika ndani ya mkoba kila mtu anasikia. Akaliacha nyumbani. Siku mbili harusi ya mtoto wa jirani, sababu ileile. Siku nne zilizobaki alilala na chai kavu, na yeye aliamini dawa haimezwi bila chakula.

Hilo la chakula liliniuma kuliko mengine. TLD, kidonge kimoja chenye dawa tatu alichobadilishiwa, humezwa umeshiba au una njaa. Siku nne zilipotea kwa jambo ambalo mtu angemweleza kwa dakika moja. Na kumbe alikuwa na kiungulia, akimeza vidonge vya magneziamu pamoja na ARV zake. Magneziamu huishika dolutegravir, mojawapo ya dawa tatu za kidonge hicho, tumboni isiingie vizuri kwenye damu. Inatakiwa ARV itangulie kwa saa mbili, au dawa ya kiungulia ikitangulia, zipite saa sita. Kwa hiyo hata siku alizomeza, pengine hakupata dawa yote. Hakuna aliyemuuliza, naye asingethubutu kueleza, maana katika kliniki aliyokuwa akienda zamani aliwahi kufokewa dirishani, foleni nzima ikimtazama.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 hadi 2023 ulionyesha kwamba kati ya watu wazima walio kwenye dawa Tanzania, asilimia 94.3 virusi vyao vimefubaa. Wagonjwa wetu wanameza dawa! Utafiti huohuo uliikuta Njombe na maambukizi ya asilimia 12.7 kwa watu wazima, ya juu kuliko mkoa mwingine wowote. Kwenye ile mikeka ya msibani shangazi hakuwa peke yake, nina hakika. Kuna wenzake walioacha makopo yao nyumbani kama yeye.

Ndiyo maana naamini tunahesabu kitu kisicho chenyewe. Vidonge vinaweza kutupwa chooni, lakini kipimo cha wingi wa virusi kitakuja kusema tu. Nawaomba wahudumu, kabla ya kufungua kopo, mwulizeni mtu: "Ulikosa siku ngapi, na ilikuwaje?" Muulizeni hivyo akiwa peke yake, kwa sauti ya chini. Na mgonjwa naye aseme ukweli, kwa sababu mwili ni wake. Nilimwambia hivyo shangazi bila kumung'unya maneno. Nikamwambia pia kwamba akisahau, ameze anapokumbuka, ila kesho yake asimeze viwili kufidia.

Asubuhi tulikwenda wote. Akamweleza muuguzi yale kumi na moja, sauti ikimtetemeka. Yule dada akaweka kalamu chini, akamsikiliza mpaka mwisho.

Siku hizi kopo lina pamba ndani, halilii. Linakaa kabatini karibu na chupa ya chai, na mkwe wake anajua. Majibu ya mwisho ya kipimo cha wingi wa virusi yalisoma chini ya nakala 50 kwa mililita ya damu, yaani vimefubaa. Saa mbili usiku taarifa ya habari ikianza redioni, mjukuu wake wa miaka sita, ambaye hajui dawa ni ya nini, humpelekea kikombe cha maji.