Kiti Kitupu Arusha

Tarehe 30 Novemba 2018 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikuwa wakutane Arusha. Mkutano haukufanyika. Burundi haikutuma mjumbe, na kwa kanuni za siku ile, nchi moja ikikosekana akidi haitimii. Ukapangwa tena Desemba, ukaahirishwa, na wakuu hawakuketi hadi tarehe 1 Februari 2019. Hakuna aliyesimama kupinga hoja yoyote. Kiti kimoja kilibaki kitupu, na hilo lilitosha.

Tangu hapo watu wengi husema dawa ni kuachana na utaratibu wa maafikiano, yaani uamuzi kupita wote wakikubali, uliomo katika Ibara ya 12 ya Mkataba wa Jumuiya wa 1999, tupige kura na walio wengi wapite. Naielewa hasira yao. Wanaoijua historia watakumbusha kwamba Jumuiya ya kwanza, iliyoundwa mwaka 1967, ilikabwa vivyo hivyo. Baada ya Idi Amin kumpindua Obote Januari 1971, Nyerere alikataa kukaa naye meza moja, na chombo cha juu cha marais watatu hakikukutana tena. Reli, bandari, posta na ndege za pamoja ziliendelea kwa miaka kadhaa bila wakubwa wa kuamua, hadi yote yaliposambaratika mwaka 1977. Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, ukaja kufunguliwa 1983. Mali zenyewe ziligawanywa kwa makubaliano ya 1984. Ukiitazama historia hiyo, kumwachia mtu mmoja uwezo wa kusimamisha kila kitu ni kucheza na moto.

Lakini nina shaka kama kura ingetuponya. Jumuiya sasa ina nchi nane, Kongo ikiwa imeingia mwaka 2022 na Somalia 2024. Kwa kura ya wengi wa kawaida, tano zingeweza kuzifunga tatu. Burundi au Sudan Kusini ingejiuliza kwa nini iendelee kukaa humo. Usawa wa nchi ndio uliojenga nyumba hii: kila moja ina wabunge tisa katika Bunge la Afrika Mashariki, na Mkataba umeitaka bajeti ichangiwe sawasawa. Afrika Magharibi wameonja upande wa pili. Baada ya mapinduzi ya Niger ya Julai 2023, ECOWAS, jumuiya ya nchi za huko, ilichukua hatua kali, vikwazo na hata tishio la kutumia nguvu. Januari 2025 Niger, Mali na Burkina Faso zilijitoa rasmi.

Tena maafikiano hayajatufungia njia zote. Mwaka 2016 Kenya na Rwanda zilitia saini mkataba wa biashara na Umoja wa Ulaya. Tanzania ikakataa, ikihofia viwanda vyake. Mkwamo ulidumu miaka. Februari 2021 wakuu walikubali kwamba aliye tayari atangulie, kwa kanuni ya mwendo tofauti iliyomo katika Ibara ya 7 ya Mkataba. Kenya ikaenda peke yake, na mkataba wake na Ulaya ukaanza kufanya kazi tarehe 1 Julai 2024. Hakuna aliyelazimishwa, wala hakuna aliyejitoa. Ilikuwa polepole mno, nakubali.

Kwa hiyo ugonjwa naona uko kwingine: mwenye malalamiko hana mahali pa kuyapeleka ndani ya nyumba. Rudi kwenye kile kiti cha 2018. Burundi ilikuwa na ugomvi mzito na Rwanda, na Desemba hiyo hiyo Rais Nkurunziza alimwandikia Museveni wa Uganda, mwenyekiti wa wakati huo, akiomba kikao maalumu juu ya ugomvi huo. Hakukipata. Mkutano wa Februari ulimkabidhi Kagame wa Rwanda uenyekiti kutoka kwa Museveni, na kabla mwezi haujaisha Rwanda ilikuwa imefunga mpaka wa Gatuna kwa Uganda. Ulibaki umefungwa karibu miaka mitatu, na wanaoutegemea kwa riziki pande zote mbili ndio walioumia. Kagame na Museveni walitia saini hati ya maelewano Luanda, Agosti 2019, wakipatanishwa na marais wa Angola na Kongo. Wakati huo hakuna hata mmoja kati ya wapatanishi hao ambaye nchi yake ilikuwa mwanachama wa Jumuiya. Majirani wawili wa nyumba moja walipatanishwa nje ya nyumba.

Atakayesema basi tuendelee na vikao bila asiyefika, amtazame Tshisekedi. Tarehe 29 Januari 2025, mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, ukiwa umetekwa na waasi wa M23, ambao Kongo inasema wanasaidiwa na Rwanda, wakuu wa Jumuiya walikutana kwa njia ya mtandao chini ya uenyekiti wa Ruto. Rais wa Kongo hakuhudhuria. Kikao kiliendelea, kikaihimiza Kinshasa izungumze moja kwa moja na M23, na Kinshasa haikufanya hivyo wakati huo. Machi, Tshisekedi na Kagame walikutana Doha. Juni, mawaziri wao wa mambo ya nje walitia saini mkataba wa amani Washington, tena nje ya nyumba.

Ningegawa mambo. Vita na amani, pamoja na kupokea mwanachama mpya, vibaki kwa maafikiano ya wote. Bajeti, uteuzi wa maofisa na utekelezaji wa yale yaliyokwisha kutiwa saini katika Umoja wa Forodha na Soko la Pamoja, viamuliwe na waliofika, asiyefika asivizuie. Na nchi inayonyang'anywa silaha hiyo ya kutofika ipewe haki inayolingana nayo: ikimwandikia mwenyekiti barua ya malalamiko, kikao kiitishwe ndani ya siku zilizotajwa kwenye kanuni, apende asipende mwenyekiti, hata kama mlalamikiwa ni mwenyekiti mwenyewe.