Mfongo au matone? Mparachichi unadai bwawa kwanza

Kiangazi kikikaza Moshi, mabishano ni yale yale. Wapo wanaosema mfongo, yaani mfereji wa jadi wa kumwagilia, umepitwa na wakati, maji yanapotelea njiani, bora mipira ya kudondosha matone. Wengine wanajibu kwamba mifongo imelisha vihamba (mashamba ya nyumbani) kwa vizazi na ukarabati wake ni msaragambo tu, yaani kazi ya pamoja ya wanakijiji, na hayo yanayoitwa "kupotea" mengine yanazama ardhini na kunufaisha walio chini.

Kwa mparachichi, wenye mipira ya matone wana hoja nzito. Mizizi yake inayonyonya maji iko juu juu, mingi ndani ya sentimita 60 za kwanza. Ukikosa maji wakati wa maua au vitunda vichanga, unapukutisha. Ukifurikishwa, udongo unakosa hewa na mizizi inaanza kuoza. Unataka kidogo kidogo, mara kwa mara. Mfongo hutoa mengi kwa saa chache, halafu unasubiri zamu irudi.

Ila hapo ndipo wauza mipira wanaporuka hesabu. Kama chanzo chako ni zamu ya mara moja kwa wiki, mpira utadondosha siku hiyo hiyo tu. Chukua mti wenye kivuli cha mita 20 za mraba: ukipoteza milimita 3 za maji kwa siku, yaani lita 3 kwa kila mita ya mraba, unadai lita 60. Miti 30 ni lita 1,800 kwa siku, yaani 12,600 kwa wiki. Simtanki la lita 5,000 linakauka kabla ya siku ya tatu kuisha. Tena maji ya mfongo yana tope. Chujio lisiposafishwa, vitundu vinaziba, na mti unaanza kunyauka kabla mwenye shamba hajajua.

Kwa hiyo ugomvi huu naona umekosea mahali. Kinachopungua ni pa kuyaweka maji. Wapare wa Same walilijua hilo zamani: ndiva zao, yaani mabwawa madogo ya jadi, hukusanya maji usiku, mchana yakafunguliwa kwenda shambani. Bwawa la namna hiyo, hata la majirani watano, lingemwezesha mwenye mfongo kumwagilia kidogo kila siku, kwa mipira au kwa ndoo. Kikwazo ni ardhi. Kwenye kihamba cha robo eka, kuchimba bwawa ni kung'oa migomba, na nani atakubali liwe upande wake?

Matandazo ya kutunza unyevu ni rahisi zaidi kuliko bwawa: majani makavu unene wa sentimita 10 hivi, yasiguse shina. (Ng'ombe wa zizini naye anayadai majani ya mgomba, hilo mtamalizana.)

Mwenye kisima chake aanze na matone, baada ya kupima chumvi ya maji, maana mparachichi hauivumilii. Anayetegemea zamu, fedha ya kwanza iende kwenye bwawa. Na akishaokoa maji, asikimbilie kuongeza miti 50, kwa sababu hapo mkulima wa Kahe, tambarare ya chini ya Moshi, hatapata hata ndoo moja ya ziada.