Mto Mara na ndimi zetu mbili

Tarehe 4 Julai 1962, uhuru ukiwa haujatimiza hata miezi saba, Tanganyika iliziandikia Uingereza, Misri na Sudan kwamba haifungwi na makubaliano ya Nile ya mwaka 1929. Makubaliano hayo, ambayo Mwingereza aliyafunga kwa niaba ya makoloni yake, yalitaka Misri iridhie kwanza kabla mtu hajajenga kitu chochote kitakachopunguza maji ya Nile, ya mito inayoilisha au ya maziwa yake. Hoja yetu ilikuwa fupi: mlipoandikiana sisi hatukuwepo. Miongo minne baadaye tukavuta maji ya Ziwa Victoria hadi Kahama na Shinyanga, wala hatukusubiri baraka za Cairo.

Msimamo huo bado unaitwa wa Nyerere, na nauunga mkono. Ila ni msimamo wa mtu anayekaa juu ya mto. Kwenye Mto Mara tumekaa chini.

Mara inaanzia Msitu wa Mau nchini Kenya. Mito ya Amala na Nyangores inakutana, mto unapita kaunti za Bomet na Narok, unakatiza hifadhi ya Maasai Mara, kisha unavuka mpaka kuingia Serengeti na kumwaga maji ziwani karibu na Musoma, safari ya kilometa kama 400. Karibu theluthi mbili ya bonde lake liko Kenya. Hapa sisi ndio Misri.

Na tunaongea kama Misri. Maji yakipungua tunasema Wakenya wameimaliza Mau. Ukitajwa mpango wa bwawa upande wa pili, tunauliza nani aliwaruhusu. Mkuki kwa nguruwe.

Hofu yenyewe haikuzuka hivi hivi. Kaskazini mwa Serengeti, Mara ndio mto pekee usiokauka mwaka mzima. Nyumbu wanaofika huko kati ya Julai na Oktoba hawana pengine pa kunywa kiangazi kikikaza. Mau imepoteza karibu robo ya msitu wake kwa mashamba na makazi, na ardhi iliyovuliwa miti haishiki maji: masika yanashuka kwa kishindo pamoja na tope, kiangazi unabaki mchirizi. Tope hilo halipotei, linakuja kutuama kwetu, kwenye ardhioevu ya Mara kabla ya ziwa. Kuna pia ule mpango wa siku nyingi wa Kenya wa kuchepusha sehemu ya maji ya Amala kwenda Ewaso Ng'iro Kusini ili kuzalisha umeme. Maji hayo yangeingia Tanzania vilevile, lakini kwa mlango wa Ziwa Natron, kwenye magadi, mahali ambapo nyumbu hana kazi nayo.

Sasa panda hadi Bomet. Mkulima wa kule ana ekari chache za chai na mahindi, ng'ombe wawili watatu, na mto unaopita ukingoni mwa shamba lake. Anaambiwa asilime kando ya mto, asikate mti, anywe maji kidogo, ili mnyama wa nchi nyingine asife kiu. Mwaka 2018 na 2019 serikali yake iliondoa maelfu ya watu kwenye Mau ya Wamaasai kwa ajili ya kuokoa vyanzo vya maji. Ukiiangalia hesabu hiyo kwa macho yake, gharama imekaa juu na faida imekaa chini: kiingilio cha mtalii kinalipwa getini, mbali na shamba lake, kingine katika nchi isiyo yake. Sijawahi kuona jibu zuri la swali hilo kutoka upande wetu.

Tena mikono yetu si misafi. Mwaka 2009 maji yenye tindikali yalivuja kutoka mgodi wa dhahabu wa North Mara hadi Mto Tigithe, unaoingia Mara. Machi 2022 maji yaligeuka meusi na samaki wakafa. Kamati ya serikali ikasema chanzo ni kinyesi na mkojo wa ng'ombe, taarifa iliyochekwa sana mitandaoni. Uamini au usiamini, yote mawili yalitokea chini ya mpaka. Mkenya hakuwepo.

Makaratasi ya ushirikiano hayakosekani. Ipo Itifaki ya Bonde la Ziwa Victoria ya mwaka 2003, ipo hati ya makubaliano kati ya nchi hizi mbili kuhusu Mara ya mwaka 2015, na Septemba 15 ni Siku ya Mara, siku ya miche na hotuba. Oktoba 2024 ukaanza kutumika mkataba mpya wa Bonde la Nile, ambao Tanzania imeuridhia. Mkataba huo una kanuni mbili ambazo kila mtu huchagua anayoipenda: wa juu hushika matumizi ya haki, wa chini hushika kutodhuru jirani. Mara inaingia Ziwa Victoria, kwa hiyo nayo ni Nile. Hatuwezi kuisoma kanuni moja tukiwa Mwanza na nyingine tukiwa Musoma.

Kwa maoni yangu kinachohitajika ni namba. Tafiti za kiasi cha maji ambacho mto wenyewe unahitaji zimeshafanyika pande zote mbili. Kiandikwe kiwango cha chini cha kiangazi pale mpakani, kipimo kisomwe hadharani, na Tanzania ikubali kuchangia gharama ya Mau badala ya kuidai tu. Kenya ina mpango wa bwawa la Norera, sisi tuna Borenga. Bwawa la juu si lazima liwe adui. Likihifadhi maji ya masika na kuyaachia Agosti, linaweza kuwafaa nyumbu kuliko mto wenyewe ulivyo sasa. Likiwa la kumwagilia tu, basi. Tofauti hiyo haimo kwenye zege, imo kwenye ratiba ya kufungua malango, na ratiba hujadiliwa vizuri kabla ya ujenzi. Ethiopia ilizindua bwawa lake kubwa la Nile Septemba 2025, bila Misri kupata mkataba iliouomba wa namna ya kuliendesha.